Kiongezi Kihukumiwe kwa Joto Lake: Upotevu wa Nishati katika Seramiki za Piezoelektriki

Kipande cha seramiki kilichobandikwa chini ya beseni la kusafishia vifaa vya upasuaji hutetema takriban mara 40,000 kwa sekunde, na katika kila mtetemo sehemu ya umeme kinaopewa haigeuki kuwa mwendo wala hairudi kwenye saketi ilikotoka. Hubaki ndani ya kipande hicho kama joto. Kwa mtetemo mmoja sehemu hiyo ni ndogo mno. Ikirudiwa mara 40,000 kila sekunde kwa saa nzima, ndiyo inayoamua kama gundi itashika, kama masafa ya mtetemo yatabaki pale yalipowekwa, na hatimaye kama seramiki yenyewe itaendelea kuitikia umeme au itakufa. Hata hivyo, ukifungua jedwali la sifa la seramiki yoyote ya namna hii, namba inayotangulia ni ile ya nguvu ya mwitikio, na upotevu wa nishati hupewa mstari mmoja au miwili huko chini. Naona mpangilio huo umekaa kichwa chini. Kiongezi kinachotiwa katika seramiki kinapaswa kuhukumiwa kwanza kwa joto kinaloleta au kinaloondoa wakati seramiki iko kazini, na upotevu wenyewe unapaswa kuripotiwa kama mambo matatu tofauti, kwa sababu ndivyo ulivyo.

Msingi wa jambo hili ni wa zamani. Jacques na Pierre Curie walionyesha mwaka 1880 kwamba baadhi ya fuwele, kwatzi ikiwemo, hutoa chaji za umeme zinapobanwa, na mwaka uliofuata Gabriel Lippmann akathibitisha kwa hesabu kwamba lazima kinyume chake kiwepo pia: fuwele hizo zikitiwa umeme zitabadili umbo. Tabia hii ya pande mbili ndiyo inayoitwa piezoelektriki. Seramiki zilizotawala viwanda zilikuja baadaye sana. Mchanganyiko wa zirikoni, titani, risasi na oksijeni tunaouita PZT ulichunguzwa nchini Japani mwaka 1952, na miaka michache baadaye Bernard Jaffe na wenzake nchini Marekani wakaonyesha kwamba mwitikio wake hufikia kilele pale zirikoni na titani zinapokaribia uwiano wa 52 kwa 48, ambapo miundo miwili ya fuwele hupakana. Tangu hapo, kazi kubwa ya watengenezaji imekuwa kuchukua mchanganyiko huo na kuutia kiasi kidogo cha elementi nyingine, mara nyingi asilimia 1 au 2 tu ya atomi, ili kuuelekeza kwenye tabia inayotakiwa.

Viongezi hivyo hugawanyika katika makundi mawili kufuatana na chaji ya ioni zake. Katika PZT, titani na zirikoni zina chaji ya +4 na risasi ina +2. Ukiweka chuma chenye +3 mahali pa titani, fuwele inapungukiwa chaji chanya, na ili kulipa pengo hilo inaacha nafasi tupu palipopaswa kuwa na oksijeni: ioni 2 za chuma kwa kila nafasi 1 tupu. Manganisi hufanya kazi ya namna hiyohiyo. Seramiki inayotokea huitwa ngumu, yaani ngumu kwa maana ya umeme: haikubali kwa urahisi kubadilishwa mwelekeo wa chaji zake, na upotevu wake ni mdogo. Ukiweka badala yake niobi yenye +5 mahali pa titani, au lanthani yenye +3 mahali pa risasi, chaji chanya inazidi, na fuwele hujisawazisha kwa kuacha nafasi tupu za risasi. Hiyo ndiyo seramiki laini, yenye mwitikio mkubwa na upotevu mkubwa. Jinsi ugumu unavyotokea tunaielewa vizuri kiasi. Ulaini bado unabishaniwa, ingawa viwanda vimeutumia kwa zaidi ya nusu karne.

Kwa nini mwitikio mkubwa na upotevu mkubwa vifuatane? Ndani ya kila chembe ya seramiki kuna domeni, yaani maeneo ambamo chaji zote zimeelekea upande mmoja, na kati ya domeni na domeni kuna ukuta mwembamba sana. Uga wa umeme ukiwekwa, kuta hizo husogea, domeni zilizoelekea upande wa uga hupanuka, na kusogea huko huongeza mabadiliko ya umbo kupita yale ambayo fuwele ingeyatoa kwa kunyumbuka peke yake. Seramiki ikipozwa hadi karibu na kelvini 4, kuta huganda na sehemu kubwa ya mwitikio hutoweka. Kwa vipimo vya namna hiyo imefahamika kwamba katika PZT nyingi zaidi ya nusu ya mwitikio tunaoupata kwenye joto la kawaida unatokana na kuta hizo. Lakini ukuta hausogei kwa utulivu. Husogea kama nguo inayoburutwa juu ya miiba: hukwama, hujivuta, kisha huachia ghafla, na uga unapogeuka haurudi kwa njia ileile. Kila kukwama na kuachia ni nishati iliyogeuka joto. Kwa hiyo, ule usogevu unaotupatia mwitikio ndio huohuo unaotupatia upotevu, na kiongezi chochote kinachodai kuongeza kimoja bila kugusa kingine kinastahili kutazamwa kwa makini sana.

Kuna kanuni ya kale inayoeleza hali hii kwa namba. Lord Rayleigh aliiandika mwaka 1887 akizungumzia chuma katika uga dhaifu wa sumaku, na katika miaka ya 1990 Dragan Damjanovic, akifanya kazi Lausanne, Uswisi, alionyesha kwamba seramiki za piezoelektriki huifuata kanuni hiyo zinapobanwa kwa nguvu inayopanda na kushuka. Kwa mujibu wake, mwitikio wa seramiki si namba moja isiyobadilika. Unakua kadiri msukumo unavyokua. Matokeo yake ni mazito kwa mada yetu. Ukiongeza msukumo mara mbili, nishati inayohifadhiwa katika kila mzunguko huongezeka takriban mara nne, lakini ile inayopotezwa na kuta huongezeka mara nane. Kipimo cha upotevu kilichochukuliwa maabara kwa volti 1, ambacho ndicho kinachojaza majedwali mengi, kinaeleza seramiki ikiwa imepumzika, na kuhusu seramiki iliyo kazini kinasema machache mno.

Tuchukue hata hizo namba za majedwali zilivyo, kwa sababu tayari zinafundisha. Aina laini ijulikanayo kama PZT-5H ina uwezo wa kubeba chaji mara 3,400 hivi ya ule wa ombwe, na tanjenti ya pembe ya upotevu, yaani kipimo cha sehemu ya nishati ya umeme inayogeuka joto, ya takriban 0.02. Aina ngumu ya PZT-8 ina 1,000 na 0.004. Tuweke volti 100 kwa kila milimita ya unene katika zote mbili, kwa masafa ya kilohezi 40, mbali na resonansi, yaani masafa ambayo kipande chenyewe hupenda kutetema kwa nguvu zaidi. Hesabu inatoa takriban wati 1.5 za joto kwa kila sentimita ya ujazo katika seramiki laini, na chini kidogo ya wati 0.09 katika ile ngumu. Tofauti ni mara 17. Kwa kuwa sentimita moja ya ujazo ya PZT huhitaji takriban jouli 3 ili kupanda nyuzi 1 ya Selsiasi, seramiki laini isiyopoozwa ingepanda karibu nyuzi 30 katika dakika ya kwanza, na ngumu isingefika nyuzi 2. Namba hizi zimetoka kwenye vipimo vya uga dhaifu, kwa hiyo hali halisi ni mbaya zaidi, hasa kwa ile laini.

Mtetezi wa seramiki laini atasema kwamba ulinganisho huo hauna haki, kwa kuwa seramiki laini imesogea zaidi kwa volti hizohizo. Ni kweli. Kipimo chake cha mwitikio, d33, ni karibu pikokulombi 593 kwa nyutoni, dhidi ya 225 za ile ngumu. Basi tumpe anachotaka: tuipandishe volti seramiki ngumu mpaka isogee sawasawa na laini. Uga utapanda mara 2.6, joto litapanda mara 7 hivi, na litafika wati 0.6 kwa sentimita ya ujazo. Bado ni chini ya nusu ya joto la seramiki laini kwa mwendo uleule. Hapa d33, namba inayoandikwa kwa herufi kubwa katika vichwa vya tafiti, imekupa jibu la kinyume kama ulikuwa unatafuta seramiki itakayofanya kazi kwa muda mrefu bila kupumzishwa.

Penye resonansi tofauti inakuwa kubwa zaidi. Hapo ukubwa wa mtetemo haufuati d33 peke yake, unafuata d33 ikizidishwa na kigezo cha ubora wa mtetemo, Q, ambacho ni kinyume cha upotevu wa kimakanika. Q ya PZT-8 ni kama 1,000; ya PZT-5H ni kama 65. Ukizidisha, seramiki ngumu, ile inayoonekana dhaifu kwa d33, hutetema karibu mara 6 zaidi kwa uga uleule. Wahandisi wa mashine za kulehemu plastiki kwa mawimbi-sauti wanalijua hili siku zote, ndiyo maana ndani ya transdusa zao, yaani vifaa vinavyogeuza umeme kuwa mtetemo, zile zenye pete za seramiki zilizobanwa kwa bolti kati ya vyuma viwili, hukuti seramiki laini. Ninachosikitikia ni kwamba maarifa hayo yamebaki kwa wahandisi, ilhali wanaobuni michanganyiko mipya wanaendelea kushindana kwa d33.

Sasa tuingie katika lile ambalo naliona ndilo kiini, nalo ndilo linaloachwa zaidi. Neno upotevu limezoeleka kutumika kana kwamba linataja kitu kimoja. Seramiki ya piezoelektriki ina mahusiano matatu: kati ya uga wa umeme na chaji, kati ya mkazo na mabadiliko ya umbo, na kati ya umeme na umbo. Katika kila uhusiano, matokeo huchelewa kidogo nyuma ya chanzo, na kila uchelewaji una pembe yake. Kwa hiyo kuna upotevu wa kidielektriki, upotevu wa kielastiki na upotevu wa kipiezoelektriki. R. Holland aliueleza utaratibu huu kihesabu mwaka 1967, akionyesha pia kwamba pembe hizo tatu hazina uhuru kamili, maana jumla yake lazima itoe joto na kamwe isizae nishati kutoka popote. Pamoja na hayo, kwa miongo mingi upotevu wa tatu ulichukuliwa kuwa sifuri, kwa sababu tu ulikuwa mgumu kupimwa.

Haukuwa sifuri. Seramiki inayotetema ina masafa mawili muhimu: resonansi, ambapo hupitisha mkondo mwingi kwa volti chache, na juu kidogo yake antiresonansi, ambapo hupitisha mkondo kidogo kwa volti nyingi. Njia zilizozoeleka za upimaji, zilizojengwa juu ya kiwango cha mwaka 1987 cha IEEE, chama cha wahandisi wa umeme, hupata Q kutoka resonansi, na mtumiaji huchukulia kwamba Q ya antiresonansi ni hiyohiyo. Ukipima zote mbili katika PZT utakuta ile ya antiresonansi iko juu. Mwaka 2001 Kenji Uchino, wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, na Seiji Hirose walichapisha njia ya kuzitenganisha aina tatu za upotevu, na maelezo yaliyotokana na kazi hiyo ni ya kuvutia. Katika bamba jembamba linalotetema kwa urefu wake, upotevu wa resonansi ni wa kielastiki peke yake, lakini katika antiresonansi aina zote tatu huingia, na ule wa kipiezoelektriki huingia kwa alama ya kutoa. Ukiwa mkubwa vya kutosha, yaani mara mbili yake ikizidi jumla ya aina nyingine mbili, hupunguza upotevu wa jumla.

Uzito wa jambo hili kwa mtumiaji ni wa moja kwa moja. Transdusa nyingi zenye nguvu huendeshwa penye resonansi kwa mazoea, kwa kuwa huko volti inayohitajika ni ndogo na saketi ni rahisi. Ikiendeshwa penye antiresonansi, seramiki ileile hufikia kasi ileile ya mtetemo kwa umeme mchache zaidi na joto pungufu, bila kubadilishwa hata atomi moja. Uamuzi wa namna hiyo hauwezi kufanywa na mtu mwenye jedwali lenye Q moja. Na mtengenezaji wa mchanganyiko mpya, ambaye hajui kiongezi chake kimepunguza upotevu upi kati ya aina hizo tatu, hajui kwa hakika alichokifanya. Chuma na manganisi vinaweza kutoa Q inayokaribiana penye resonansi huku vikitofautiana penye antiresonansi. Anayepima upande mmoja ataviona ni ndugu.

Vipimo vyenyewe haviko mbali na uwezo wa maabara ya kawaida, na kimojawapo ni kizuri mno kukitazama. Bamba la seramiki hushikwa katikati kwa ncha mbili zenye springi, mahali ambapo mtetemo hauna mwendo, na mwale wa leza huelekezwa kwenye ukingo wake ili kusoma kasi. Kisha hupigwa na umeme kwa mizunguko michache tu, muda mfupi usiotosha kulipasha joto, na umeme hukatwa. Ikiwa wakati wa kukata elektrodi zake mbili zimeunganishwa, bamba linaendelea kulia lenyewe kwa masafa ya resonansi. Ikiwa zimeachwa wazi, linalia kwa masafa ya antiresonansi. Katika masafa ya kilohezi 100, bamba lenye Q ya 1,000 hushuka hadi theluthi hivi ya mtetemo wake kwa milisekunde 3, na lenye Q ya 65 kwa moja ya tano ya milisekunde. Lakini tazama umbo la mteremko wenyewe. Kama upotevu ungekuwa namba moja, mtetemo ungepungua kwa uwiano uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Ukianza na mtetemo mkubwa, mteremko ni mkali mwanzoni na hulegea kadiri mtetemo unavyofifia: kuta zilizokuwa zimeng'oka zinarudi kwenye vizuizi vyao, na Q inapanda mbele ya macho yako ndani ya milisekunde chache. Sijui picha nyingine inayoonyesha waziwazi zaidi kwamba Q ya jedwalini ni Q ya sehemu moja tu ya mteremko huo, tena ile ya mwishoni, mtetemo unapokuwa umefifia.

Ugumu unaotokana na viongezi una historia ndani yake, na hili nalo majedwali hulinyamazia. Nafasi tupu ya oksijeni iliyo karibu na ioni ya chuma huunda nayo jozi yenye mwelekeo, na jozi hizo hujipanga taratibu kufuata mwelekeo wa domeni zilimo. Kujipanga huko huchukua muda, kwa sababu lazima oksijeni irukeruke kutoka nafasi moja hadi nyingine. Zikishajipanga, huzaa uga wa ndani unaozirudisha kuta mahali pake, na hapo ndipo upotevu unaposhuka. Ina maana kwamba seramiki ngumu iliyotoka tu kuwekewa mwelekeo wa chaji, yaani kutiwa uga mkali ili domeni zake zielekee upande mmoja, bado haijawa ngumu kama itakavyokuwa. Q yake hupanda kwa saa na siku zinazofuata. Ina maana pia kwamba ugumu unaweza kuondolewa. Ukiipasha seramiki iliyokaa muda mrefu kupita joto la Curie, yaani joto ambalo juu yake domeni hutoweka, na kuipoza ghafla, au ukiigeuzageuza kwa uga mkali mara nyingi, kitanzi chake cha histeresisi, yaani mchoro wa chaji dhidi ya uga unaopanda na kushuka, kilichokuwa kimebanwa kiunoni hufunguka, na tabia yake husogea kuelekea ile ya seramiki laini. Mtafiti anayetangaza Q bila kusema seramiki ilikaa muda gani baada ya kuwekewa mwelekeo ameacha nusu ya kipimo.

Joto linalozaliwa na upotevu huingia humuhumu. Seramiki inapopata joto, uwezo wake wa kubeba chaji hupanda, mkondo unaopita huongezeka, kuta hulegea, upotevu hukua, na joto jipya huzaliwa juu ya lile la kwanza. PZT hupitisha joto vibaya, kwa takriban wati 1 hadi 2 kwa mita kwa kelvini, kwa hiyo kitovu cha kipande kinene huwa na joto zaidi ya uso wake na kidole kilichogusa nje hakipati habari kamili. Joto la Curie la PZT-5H ni karibu nyuzi 193 tu, na ushauri wa kawaida wa wahandisi ni kutovuka nusu ya joto la Curie kwa kipimo cha Selsiasi. Rudi kwenye zile nyuzi 30 kwa dakika uone jinsi nafasi hiyo inavyojaa upesi. Kwa sababu hiyo nakubaliana kabisa na wale wanaotumia kasi ya mtetemo kama kipimo cha mwisho: huisukuma seramiki penye resonansi mpaka joto lake lipande nyuzi 20 juu ya mazingira, kisha huandika kasi iliyofikiwa. Kipimo hicho hakiwezi kudanganywa na d33. Kundi la Pennsylvania lilipoweka iterbi na europi katika PZT ambayo tayari ilikuwa na manganisi na antimoni, mwanzoni mwa miaka ya 2000, lilifikia karibu mita 1 kwa sekunde, kiwango ambacho seramiki ngumu za kawaida hazikikaribii, na mtu aliyesoma safu ya d33 peke yake asingeona sababu yoyote ya kusimama hapo.

Nisieleweke kwamba seramiki ngumu ni bora kila mahali. Kichwa cha mashine ya ultrasaundi kinachopiga picha za mwili hutoa milio mifupi sana na kusikiliza mwangwi wake. Q kubwa huko ni kikwazo, kwa kuwa mlio ungerefuka na picha ingefifia, na joto si tatizo kubwa kwa kuwa muda mwingi seramiki inasikiliza. Kihisi kinachopima mkandamizo hakihitaji kasi ya mtetemo. Kuna pia tatizo la umeme wa mkondo mnyoofu. Nafasi tupu za oksijeni zinazoifanya seramiki iwe ngumu zinaweza kusukumwa na volti isiyogeuka, zikasafiri polepole hadi elektrodi na kuharibu uwezo wa seramiki kuzuia umeme, ilhali niobi na lanthani huuimarisha uwezo huo. Kiendeshi kinachoshikilia mahali pamoja kwa miezi chini ya volti thabiti kinaweza kuishi muda mrefu zaidi kikiwa cha seramiki laini. Haya yote yanaongeza nguvu ya hoja yangu, maana kila mojawapo ni suala la upotevu wa aina fulani katika kazi fulani, na hakuna hata moja linaloamuliwa na namba inayotangulia jedwalini.

Suala hili limekuwa zito zaidi tangu risasi ianze kuondolewa katika vifaa vya umeme. Sheria ya Umoja wa Ulaya inayozuia vitu hatari ilianza kutumika mwaka 2006, na seramiki zenye risasi zimeendelea kuruhusiwa kwa msamaha unaopitiwa upya kila baada ya muda, kwa sababu mbadala unaotosha haujapatikana kwa kazi zote. Mwaka 2004 Yasuyoshi Saito na wenzake nchini Japani walitangaza seramiki ya potasi, sodi na niobi iliyofikisha d33 ya 416, na kuanzia hapo mbio za seramiki zisizo na risasi zikapimwa kwa namba hiyo: nani amefika 450, nani amefika 500. Ilikuwa kazi kubwa na inastahili heshima yake. Lakini risasi haitaondoka kwenye transdusa za kulehemu, za kusafisha na za sonari kwa sababu d33 imepanda. Itaondoka pale seramiki mbadala itakapotetema kwa kasi kubwa kwa saa nyingi bila kujipasha, na kwa upande huo habari ni njema kuliko zinavyosikika: seramiki za familia hiyohiyo zilizotiwa shaba zimefikisha Q zaidi ya 1,000, na zile za bismuthi, sodi na titani zenye manganisi hushikilia Q yao vizuri mtetemo unapokua, katika kasi ambazo Q ya PZT ngumu tayari imeshaanguka.

Hata hapo ulinganisho unahitaji uangalifu. Seramiki ya potasi, sodi na niobi ina densiti ya takriban gramu 4.5 kwa sentimita ya ujazo, na PZT ina zaidi ya 7.5. Kwa kasi ileile ya mtetemo, ile nyepesi inabeba asilimia 60 tu ya nishati ya mwendo iliyomo katika PZT, kwa hiyo anayelinganisha kwa mita kwa sekunde peke yake atakuwa ameipa ushindi usio wake wote. Mstari ninaotaka kuuona katika kila ripoti ya kiongezi kipya una kasi iliyofikiwa kwa nyongeza ya nyuzi 20, densiti kando yake, Q ya resonansi na ya antiresonansi kwa kasi hiyo, pembe tatu za upotevu, na siku zilizopita tangu seramiki ilipowekewa mwelekeo. d33 iwekwe baada ya hayo.